Shavu la Baba Mtakatifu

Ijumaa asubuhi, Menico fundi lipu akiwa amebakiza siku moja ya kuishi, mkewe alimkuta Gaspare Lolli kwenye meza ya samaki wa chumvi, akamkamata mkono wa joho mbele za watu.

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Niachie nguo, mama."

"Nitakuachia ukinijibu. Si wewe karani wa mahakama ya Gavana? Si wewe uliyekaa na kalamu wakati mume wangu ananing'inizwa kwa kamba ili akiri?"

Muuza samaki aliacha kupima ili asikie vizuri. Lolli akamwachia kikapu chake, akamvuta mwanamke pembeni, kwenye mlundo wa mawe. Mwaka jana hapo palikuwa na nyumba tatu. Zilibomolewa ili Baba Mtakatifu apate barabara iliyonyooka. Barabara ilikuwa bado haijafika. Waliokaa katika zile nyumba walikuwa wanalala chini ya matao ya daraja.

"Uliza," alisema.

Aliitwa Ortensia. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa chokaa hadi viwikoni, kwani ndiye aliyemchekechea mumewe mchanga kwa miaka kumi na mmoja.

"Menico alikwambia kwamba Alhamisi ile alipiga lipu alfajiri?"

"Alisema."

"Ukaandika?"

"Nikaandika. Alisema alipiga lipu, akamwachia mchoraji, Fundi Ercolano, ukuta, akaenda tanuri la chokaa. Kamba ilipovutwa mara ya tatu akasema amemuua Padre Onorato. Hilo nalo niliandika."

"Hakimu akasoma lipi?"

"La mwisho."

"Bila shaka. La kwanza lilikuwa refu, angechelewa chakula." Ortensia alitema mate pembeni. "Na Ercolano alisemaje?"

"Kwamba Alhamisi hakuja kazini. Tumbo. Kwamba Menico alikuwa peke yake, na ufunguo anao."

"Tumbo! Bwana karani, unajua lipu ni nini?"

"Chokaa na mchanga."

"Na mkate ni unga na maji. Nenda kauoke basi, tuone." Alimsogelea. "Nisikilize. Mchoraji wa ukutani anapaka rangi lipu ikiwa mbichi, ili rangi inywewe na ukuta. Kwa hiyo unampigia kipande cha siku moja tu, kile atakachokimaliza. Kiraka cha leo, kesho kingine. Ikifika alasiri kimekauka, na kama hajapaka, unakibomoa. Hakuna fundi duniani anayempigia lipu mtu aliyelala kitandani. Ukutani kuna kiraka cha Alhamisi au hakuna. Umeenda kuhesabu?"

"Ercolano anasema kipande cha mwisho, uso wa Baba Mtakatifu, alikichora Jumatatu, nilipoondoa lakiri ya muhuri wangu mlangoni mwa kanisa."

"Jumatatu alipigiwa lipu na nani?"

Lolli alihesabu siku kwa vidole.

"Tangu Menico akamatwe, hakuna fundi lipu hata mmoja wa chama chetu aliyekanyaga kizingiti kile. Wamekataa wote. Jumatatu alipigiwa na nani? Malaika?"

Lolli alitazama jua limefika wapi. "Njoo," alisema. "Lete ndoo yako na vifaa vya mumeo."

Walipokuwa wakitembea, alipitia mambo kama yalivyokuwa kwenye jalada. Padre Onorato, mzee wa miaka sabini, mlinzi wa kanisa la Mtakatifu Eutropia kwa miaka arobaini. Alikutwa Alhamisi ya juma lililopita, sakafuni, chini ya jukwaa la wachoraji, kisogo kimepasukia kwenye ngazi ya altare. Lolli alifika kengele ya adhuhuri ikilia. Alikagua mwili bila kupanda jukwaani, akafunga kanisa kwa lakiri ya mahakama. Hakuna aliyeingia mpaka Jumatatu.

Siku mbili za kwanza alizipoteza kwa kumfuatilia mwalimu mmoja wa Kilatini. Ile sanamu isiyo na mikono, ambako Waroma hubandika matusi yao, ilikuwa imebandikwa shairi: Papa amewala watakatifu waliolala, sasa ananya kanisa. Watu wakasema Padre ndiye aliyelitunga, mwalimu akalinakili, wakagombana. Mwalimu alikuwa na mashahidi kumi na mmoja kwamba asubuhi ile alikuwa kwa makahaba karibu na mto. Watano kati yao walikuwa mapadre. Baada ya hapo akabaki Menico tu, ambaye Jumatano alisikika akimfokea Padre kuhusu chokaa.

Kanisa la Mtakatifu Eutropia lilikuwa limebaki nusu. Upande wa kushoto, makaburi ya marumaru yalikuwa yameng'olewa na kupelekwa tanurini. Marumaru ikichomwa vizuri hutoa chokaa nyeupe kuliko zote, na Baba Mtakatifu, aliyetaka Roma iwe mpya kabla hajafa, alihitaji chokaa nyingi. Padre Onorato alijaribu kulishika bamba la kaburi la Eutropia mwenyewe lisiondoke. Likamwangukia mkononi. Daktari alikikata kidole cha pete. Padre aliandika barua kwa kadinali, akaandika kwa wakili wa Papa, akajibiwa mara moja tu: walimtumia rehema ya kupunguziwa siku mia za toharani.

Mlangoni Lolli alisikia harufu ya gundi.

Fundi Ercolano Tassi alikuwa juu ya jukwaa, mtu mnene mwenye mikono safi ya shati. Kando yake palikuwa na jiko dogo la makaa na chungu kinachochemka polepole.

"Karani! Umekuja kuungama? Kiti cha maungamo kiko ule upande."

"Nimekuja kuhesabu."

"Hesabu watakatifu. Wako kumi na wawili. Yule mwenye ndevu ni mkwe wa mwenye benki, lakini usimwambie mtu."

"Hiyo gundi ya nini?"

"Ya dhahabu na buluu. Buluu haipakwi kwenye lipu mbichi. Muulize yeyote."

"Hapo hajadanganya," Ortensia alisema kutoka chini.

Ercolano aliinama akaona ni nani. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Ananishikia ndoo," Lolli alijibu, akapanda ngazi.

Baba Mtakatifu alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya picha, ukubwa wa mtu kamili, mikono imeunganishwa. Uso ulikuwa mzuri. Ulikuwa na uchovu na ukali kwa pamoja, na mtu aliyeutazama alijikuta anataka kupendwa nao. Lolli aliwasha mshumaa, akauweka karibu na ukuta ili mwanga ulale. Mistari ya viraka ikajitokeza kama mishono ya nguo.

"Nitajie siku zako, Fundi."

"Jumatatu ya juma lile, joho. Jumanne, mikono na kitabu. Jumatano, malaika huyu. Kisha nikaugua."

"Na uso?"

"Jumatatu iliyofuata. Nimeshasema mahakamani."

"Lipu alipiga nani?"

"Mimi. Nilianzia kwenye lipu, kama wote."

"Nionyeshe viganja."

Ercolano alicheka, akavinyoosha. Vilikuwa na rangi kwenye kucha na ulaini kila mahali pengine. Lolli aliita chini, "Mama, inua vyako." Ortensia aliinua. Ngozi ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Siku nne tu zimepita, Fundi. Chokaa imekuheshimu sana."

"Nilivaa glavu."

"Panda, mama," Lolli alisema.

Ortensia alipanda upesi kuliko yeye. Akapitisha ukucha kwenye mshono kati ya malaika na uso, kutoka juu hadi chini, kisha akarudia.

"Hapa zimeshikana. Kiraka cha malaika kilikuwa bado laini pembeni wakati hiki kinawekwa. Kingekaa siku tano kingekuwa kigumu, na ukucha wangu ungeingia kwenye ufa. Isitoshe huu ni mkono wa Menico. Anamalizia kwa kwenda juu. Wengine wote wanashuka."

"Mke wa mwuaji anamtetea mwuaji," Ercolano alisema. "Andika na hilo, karani."

Lolli alichovya kitambaa kwenye maji ya moto yaliyokuwa kwenye jiko pembeni ya gundi, akakikamua.

"Unafanya nini? Huyo ni Baba Mtakatifu!"

"Ni ukuta," Ortensia alisema.

Lolli alifuta joho lililochorwa. Kitambaa kilibaki cheupe. Akafuta bawa la malaika, kikabaki cheupe. Akafuta paji la uso, kikabaki cheupe. Kisha akafuta shavu la kulia, taratibu, mara tatu, na kitambaa kikawa cha waridi.

Ercolano alimshika mkono. Lolli alimtazama mpaka akauachia.

Chini ya rangi hiyo, iliyopakwa kwa gundi lipu ikiwa imeshakauka, palikuwa na shavu jingine, lile la kwanza, lililokuwa limenywewa na lipu. Lilikuwa limevurugwa kutoka sikioni hadi mdomoni. Katikati, kwenye lipu ngumu, palikuwa na alama ya mkono wa mtu. Kidole gumba. Cha shahada. Cha kati. Kisha nafasi tupu, kisha kidole kidogo.

Lolli alisogeza mshumaa karibu na ile nafasi.

"Nilipokagua maiti," Lolli alisema, "kiganja cha kulia kilikuwa chekundu. Niliandika 'damu'. Damu hugeuka kahawia. Kile kiganja kilibaki chekundu mpaka tunafunga jeneza, na mimi niliona, nikaacha neno langu kama lilivyo." Alikunja kitambaa, upande wa rangi ukawa ndani. "Lipu ilikuwa mbichi Alhamisi asubuhi tu. Mchana mlango ulikuwa na lakiri yangu. Kwa hiyo Padre aliugusa uso huu asubuhi ile, ukiwa umeshachorwa. Na aliyeuchora hakuwa kitandani."

Ercolano alikaa juu ya debe la rangi.

"Saa nne za kazi," alisema. "Mdomo ulikuwa umekaa. Unajua mdomo ukikaa mara ya kwanza? Akapanda akihema, akaniambia chokaa hii ni ya kaburi la Eutropia, nimempaka huyu mlafi juu ya mifupa ya mtakatifu. Akaweka mkono. Hivi. Nilimsukuma auondoe. Nilisukuma mkono tu."

"Mlikuwa juu ya jukwaa."

"Nilisahau."

"Ulisahau?"

"Nilikuwa natazama uso."

Ortensia alikuwa ameshika nyundo ya mumewe. Lolli aliiona, akaiacha mkononi mwake.

"Na mume wangu?" aliuliza.

"Alikuwa tanurini, nilijua wachoma chokaa watamtolea ushahidi."

"Walikuja. Wanne. Hakimu aliwaambia wanachafua sakafu."

"Sikujua hilo."

"Ungeuliza! Mlango wa mahakama hauko mbali. Ungeuliza, shetani we!"

Ni wakati huo Monsinyori Ferrantini alipoingia na watu wawili waliobeba zulia. Yeye ndiye aliyesimamia majengo na michoro yote ya Baba Mtakatifu, mtu mwembamba, mpole wa sauti, asiyejulikana kuwahi kumkemea mtu. Alisimama chini akaangalia juu. Aliliona shavu. Aliwaambia wenye zulia wakasubiri nje.

"Nieleze, Lolli. Kwa kifupi. Jumapili Baba Mtakatifu anasomea misa hapa."

Lolli alieleza kwa kifupi, kisha akasema, "Naomba hati ya kumkamata Ercolano Tassi, na ya kumfungua Menico leo hii."

Monsinyori alifikiri. "Fundi, hilo shavu unaweza kulirudishia kwa gundi?"

"Saa mbili tu, Monsinyori."

"Basi rudishia. Na wewe, Lolli, hukumu imeshasainiwa. Fundi Ercolano ameahidiwa ukumbi wote wa maktaba, na mfalme wa Ufaransa ameshaandika mara mbili akimwomba. Wachoraji wa namna hii Roma ina wawili, na yule mwingine hana adabu. Mapadre wazee ninao mia sita."

"Na mafundi lipu?" Ortensia aliuliza.

"Mwanangu, sijui idadi yao."

"Sasa hivi una mmoja," alisema, akapiga.

Hakupiga kwa hasira. Alipiga pale kwenye mshono, mara mbili, patasi imelala, kama mtu anayefungua pipa. Lipu iliachia kwa kipande kimoja, shavu na alama ya mkono pamoja, ikaangukia kwenye aproni yake aliyokuwa ameshaitandaza. Ercolano alipiga kelele kama aliyechomwa. Baba Mtakatifu akabaki na nusu uso na matofali.

Monsinyori hakupandisha sauti. "Umejua umefanya nini?"

"Ametekeleza amri yangu," Lolli alisema. "Kielelezo kimechukuliwa kwa mamlaka ya mahakama. Nimeshaandika." Hakuwa ameandika. "Tundu hilo halizibwi kwa gundi, Monsinyori. Linataka lipu, na lipu inataka fundi. Chama chao hakitaleta mtu. Isipokuwa mmoja, na huyo kesho alfajiri mnamnyonga."

Nje mmoja wa wenye zulia alikuwa anapiga mluzi.

"Menico atoke," Monsinyori alisema hatimaye.

"Kama mtu asiye na hatia."

"Kama fundi lipu. Nitasaini msamaha wa Baba Mtakatifu kwa ajili ya sikukuu. Mwenye kusamehewa haulizwi alifanya nini."

"Na Padre Onorato?"

"Mzee wa miaka sabini, ngazi ndefu. Aliteleza. Utaliandika hilo wewe, kwa mwandiko wako ule mzuri, na lile jalada la zamani utaniletea. Na hicho kielelezo kitavunjwa mbele yangu. Ukikataa, mume wake ananyongwa, mimi nazungushia pazia kona hii Jumapili, na wewe utakwenda kuhesabu kondoo wa Kanisa huko Maremma kwenye vinamasi vya homa. Nimekosea popote?"

Lolli alimtazama Ortensia. Alikuwa ameishika aproni kwa mikono miwili, kama aliyebeba mayai.

"Aliteleza," mwanamke alisema kwa sauti ya chini. "Andika, bwana karani. Padre alinibatizia watoto watatu. Atanielewa. Asiponielewa tutaongea huko huko."

Lolli aliandika msamaha kwanza, akausogeza usainiwe, akapuliza wino ukauke, akauweka ndani ya joho lake. Ndipo alipoandika lile jingine.

Jumamosi kulipopambazuka, saa ambayo angekuwa ananyongwa, Menico alisimama juu ya jukwaa. Mkono wake wa kulia haukupanda kupita kifua. Kamba ilikuwa imelegeza bega, na daktari wa gereza alisema litabaki hivyo. Uso wa picha ulikuwa kwenye usawa wa kifua, ikambidi apige kwa mkono uliobaki, akijisaidia kwa goti.

Ercolano alisubiri na brashi zake. Hawakusalimiana.

Chini, Monsinyori alikuwa amekuja mwenyewe kuona kielelezo kikivunjwa. Ortensia alikiweka kwenye kinu cha mawe. Alama ya mkono ilikuwa juu, vidole vinne na nafasi. Alitwanga mpaka hakuna kilichobaki ila unga wenye rangi ya waridi.

"Vizuri," Monsinyori alisema, akaenda kuangalia zulia lake.

Ortensia alichukua chekecheo. Aliuchekecha ule unga, akaumimina kwenye beseni la chokaa mpya na mchanga, akakoroga. Lolli, aliyekuwa amesimama karibu na altare na kalamu yake isiyo na kazi, alimsogelea.

"Hilo linaruhusiwa?"

"Lipu kuukuu ikisagwa vizuri inaishika mpya. Kila fundi anajua." Alimpandishia mumewe beseni. "Monsinyori hakuniambia niutupe wapi."

Menico alichota kwa mwiko. Alilijaza tundu, akalibana, akalilainisha kwa kwenda juu, polepole, akisimama mara mbili kwa maumivu. Ilipokuwa sawa kama ngozi alishuka ngazi bila kumtazama mtu.

Ercolano alibaki mbele ya ukuta mbichi. Alikuwa amesikia kinu, na alikuwa ameona beseni. Alichovya brashi kwenye rangi ya nyama, akaiinua, mkono ukasimama hewani.

"Paka," Ortensia alimwambia kutoka chini. "Inakauka."